Nitungieni Uzi

Wingwi, baada ya sala ya Isha

Mwanangu Faki,

Sikuulizi hali, maana nakusikia unakohoa huko ukumbini, na hali yangu mie unaijua, sasa hivi tu nimekugombeza kwa wali uliouacha kwenye sahani. Najua utashangaa kuandikiwa barua na mama anayekaa ukuta wa pili. Ningeweza kukuita. Ningeweza kukuandikia kwa simu pia, lakini mwisho wake naujua: ujumbe wangu ungeingia baina ya video ya yule kijana anayejiangusha kwenye pipa na matokeo ya mpira, ungeusoma huku unatembea, ukaniletea kile kidole gumba. Kidole gumba sikitaki. Kwa hivyo nimechana karatasi kwenye daftari la mdogo wako, na kalamu yenyewe inakwamakwama, nivumilie.

Habari za kufua, za kula na za kupanda magari sikuandikii. Umeshaambiwa na baba yako, na shangazi yako, na hata jirani aliyekuja kuomba chumvi akakaa saa nzima. Mie n'na jambo moja, na tangu Alasiri limenikosesha raha. Nimekaa, nimeinuka. Nimefagia ua ulioshafagiwa. Baba yako kaniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu, nikaendelea kufagia.

Jambo lenyewe ni kofia yako. Gari ya kukupeleka bandarini Mkoani inakuja alfajiri, na kofia haijesha.

Unajua ilivyoanza. Siku uliyopata habari ya chuo Dar es Salaam, Bibi yako alifungua kasha lake, akatoa kitambaa cheupe alichokihifadhi mwenyewe anajua kwa ajili ya nini, akasema mjukuu wangu hatoki Pemba na kofia ya dukani. Mama yangu yule akishasema kasema. Akachora maua yake kwa penseli, akatoboa vitundu, akaanza kushona. Ukanda wa pembeni aliumaliza mapema, na wewe mwenyewe ukausifia. Likabaki duara la juu, na katika duara hilo sasa limebaki ua moja. Ua moja tu, Faki. Hivi ninavyoandika yuko chumbani kwake, amevaa tochi ya kichwa ya baba yako, ile ya kuendea pweza usiku, anashona. Ukimtazama utacheka. Mie nimecheka, kisha nikatoka nje nikalia kidogo, nikarudi.

Anataka akuvishe kwa mkono wake kabla hujatoka. Kaniambia mchana, taratibu tu, kama mtu anayesema habari ya mvua: "Sitaki nimpe mtu ampelekee. Mie sijui kama nitamuona tena."

Watu watasema mzee kachelewa kwa sababu ya uzee. Si kweli, na hilo ndilo lililonikalisha hapa. Waliochelewesha kofia yako ni mie, na wewe, na baba yako, na mdogo wako, sote tuliomo humu ndani.

Macho ya Bibi yako kushona bado yanaona. Yasichokiona ni tundu la sindano. Uzi mrefu humfanyia mafundo, kwa hivyo huukata mfupi, na mfupi huisha upesi, na kila ukiisha huita: "Nitungieni uzi!" Kazi ya mwenye macho mazima ni kuupenyeza ule uzi na kumrudishia sindano yake. Hata chai haipoi. Lakini lazima mtu ainuke aende.

Mie nililelewa kwamba ukiitwa unaitika kabla hujajua unaitiwa nini. Mwanamme aseme naam, mwanamke aseme labeka, kisha miguu ifuate. Ukikaa kimya, hata kama uko juu ya mkarafuu, Bibi yako alikuwa akiuliza: "Umekufa nikuzike?" Nawe nilikufundisha hivyohivyo. Ulikuwa na naam nzuri wewe, nene kuliko mwili wako, wageni walikuwa wakikuita makusudi waisikie. Sijui ilipotea lini. Nilikuja kutanabahi tu kwamba humu ndani hakuna tena naam wala labeka, kuna "nakuja."

Na mtu wa nyumba hii akisema nakuja, basi haji. Bibi anaita, wewe una vile vidude masikioni, husikii lolote. Baba yako ana rimoti mkononi, nakuja. Mdogo wako amejifunga shuka na simu ya shangazi yake, nakuja. Na mie niliyezaliwa na yule mama, nakuja.

Unaukumbuka usiku ule wa Ijumaa tulipokubaliana tukae pamoja? Mie ndie niliyelianzisha. Nilisema huyu mtoto anaondoka, tuangalie kitu kimoja sote, kama watu. Nikapika mihogo ya nazi, nikakaanga na samaki. Wewe ulikuwa umetoka Konde na ile flashi uliyojaziwa filamu mpaka haina nafasi. Bibi yako nilimwambia njoo, leo kuna mchezo, naye akaenda kuoga, akavaa kanga mpya, akaja kukaa kwenye kiti akiitazama televisheni iliyozimwa. Alikaa vile akisubiri, mikono juu ya mapaja.

Ukaanza wewe na filamu ya Kikorea. Mdogo wako akasema keshaiona. Ukaweka ya Kihindi, baba yako akasema hiyo ni ndefu, atalala. Ukaweka ya mapigano, mie nikasema mbele ya Bibi sitaki damu. Ukaweka iliyotafsiriwa, ukasema mwenyewe huyu aliyetafsiri anaharibu. Tukahamia kwenye king'amuzi, chaneli baada ya chaneli, mpira, mapishi, wanyama, mawaidha, watu wanaogombana wamekaa mezani. Tukarudi kwenye flashi. Mihogo ikapoa. Sote tukawa na hasira, na hakuna aliyejua amekasirikia nini. Hapo ndipo Bibi alipouliza: "Mmepoteza nini humo?"

Mie nilicheka. Nikamwambia, "Hatukupoteza kitu mama, tunatafuta cha kuangalia."

"Mbona vimeshapita vingi?" akasema.

Umeme ukakatika papo hapo, na nakwambia kweli, nilihisi nafuu. Wewe ukaenda kulala na simu yako. Bibi akaikunja kanga yake mpya. Ule ulikuwa usiku wetu, Faki, na tuliumaliza kwa kuchagua. Imeniuma mpaka leo, na nilishindwa kukwambia kwa mdomo kwa sababu kila nilipotaka kuanza ningeonekana mama anayelaumu.

Ngoja kidogo.

Nimerudi. Usinicheke. Niliichukua simu nitazame saa, basi, saa tu. Nikajikuta namwangalia mwanamke wa nchi nisiyoijua anaoka mkate ndani ya shimo, kisha mwengine anasuka nywele, kisha mtu anauza mazulia. Mie zulia silihitaji. Nimeinuka nimeipeleka simu jikoni, nimeitia ndani ya chungu nikafunika na kifuniko. Ukitafuta simu yangu asubuhi, iko humo. Unaona unaandikiwa na mtu wa namna gani. Usije ukadhani nakwambia kutoka juu ya mnara.

Wala usidhani nitakwambia zamani kulikuwa bora. Wanaosema hivyo wamesahau. Zamani kulichosha. Jioni ilikuwa ndefu, redio ilikuwa ya mzee mmoja aliyeifungia chumbani, ukitaka kuisikia ukae chini ya dirisha lake na mbu. Tulikuwa tukienda kuchungulia harusi za watu tusiowajua. Nilikuwa nikitamani kitu chochote kitokee, hata mbuzi atumbukie kisimani, ili tupate pa kukimbilia. Mchezo mkubwa ulikuwa mmoja kwa mwaka, mchezo wa ng'ombe, vijana kumchokoza dume kwa vitambaa awakimbize, kiangazi mashamba yakiwa wazi. Mwaka mzima tunausubiri huo.

Nilikuwa mkubwa kidogo kuliko mdogo wako. Kulikuwa na ng'ombe dume mmoja, mweusi, shingo nene, jina lake Usinichokoze. Mwenyewe alikuwa akitembea kijijini kifua mbele miezi na miezi kwa ajili ya ng'ombe wake. Walisema mwaka uliotangulia aliwapandisha watu miti. Basi tukaenda, tulitoka asubuhi, mama yangu kajifunga kanga mbili na maandazi ndani ya kikapu. Uwanja ulikuwa umejaa. Zumari ikaanza kulia, vijana wakaingia na vitambaa vyao. Usinichokoze akaletwa na kamba yake, akatazama huku, akatazama kule, akakunja miguu, akalala.

Wallahi, alilala. Akaanza kucheua.

Mpuliza zumari alipuliza mpaka mashavu yakamchoka. Vijana wakampungia vitambaa puani, akafumba macho. Mmoja akamkalia mgongoni, hana habari. Mwenye ng'ombe alikuwa akizunguka anasema jua kali, jua kali. Na hatukuwa na ng'ombe mwengine. Ungekuwa wewe leo ungebonyeza, ungetafuta ng'ombe anayepigana. Sisi tulikuwa na huyo tu. Basi mama yangu, Bibi yako huyuhuyu mwenye tochi ya kichwa, akatoka mbele akaanzisha wimbo wa kumsuta, papo hapo, kautoa kichwani mwake: Usinichokoze, nani kakuchokoza, amka wageni wamekuja. Wanawake wakaitikia, amka baba, amka. Akaongeza ubeti wa mwenye ng'ombe, akaongeza wa mpuliza zumari, watu wakawa wanaanguka kwa kicheko. Hata yule mwenye ng'ombe alinuna, akanuna, mwisho akacheka akaja kukaa chini karibu na mnyama wake. Tulikaa mpaka jua likapoa, na ng'ombe yule hakuinuka.

Mchezo wenyewe haukuwa kitu, na mie sijapata kufurahi vile. Tuliuzungumza mwaka mzima. Na tangu siku ile, mtu wa nyumba yetu asiyetaka kuamka huitwa Usinichokoze. Ulipokuwa mdogo ukigoma kwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, Bibi alikuwa akikuita hivyo, nawe ukilia kwa hasira. Sasa umejua lilikotoka. Unaitwa kwa jina la ng'ombe mvivu.

Nimeifikiria sana siku ile. Nimeifikiria baharini nikifunga mwani, maji yapo magotini, maana kule simu siwezi kuishika. Kwa nini tulifurahi na kitu kibovu vile, na leo tuna kila kitu na tunakaa tumenuna? Mie nadhani ni hivi, na kama nimekosea utanikosoa wewe uliyesoma. Kikiwa kimoja, kikawa kibaya, kosa ni lake. Ng'ombe ndie mvivu, sisi tumo pamoja, tunamcheka. Vikiwa vingi, kikiwa kibaya kosa ni langu, mie ndie niliyechagua vibaya. Huku naangalia hiki, roho iko kwa kile nilichokiacha, labda kile ndicho. Nahama. Na huko nako, labda kile. Sipumziki, nalinda nisipitwe. Jioni nainuka nimechoka zaidi kuliko siku za bamvua, maji yakitoka mbali na kazi ya mwani ikiwa nyingi, na mgongo sikuutumia.

Siku mbaya kuliko zote hukuwepo, ulikwenda Wete kupiga picha za chuo. Nilirudi kwenye mwani nimechoka kweli, nikajinyoosha mkekani, nikasema leo na mie nastarehe kidogo kabla ya kupika. Nikashika simu. Bibi alikuwa kibarazani na kofia yako. Akaita, "Nitungieni uzi!" Sote tuliobaki tulikuwa ndani, na aliyejibu ni mie. Nakuja mama. Nilikuwa nimepata tamthilia, nikaiona mwanzo, nikaiacha. Taarabu, nikaiacha katikati ya ubeti. Harusi ya watu wa Maskati, nikaangalia dhahabu, nikaiacha. Akaita tena. Nakuja. Mara ya tatu sikumsikia kuita, na nilishukuru, astaghfirullah, nilishukuru kwamba amenyamaza.

Nilipoinua kichwa chumba kilikuwa na giza. Nikatoka. Alikuwa amegeukia magharibi palipobaki mwanga, kaishika sindano juu, anaulamba uzi, anaupeleka, unapita pembeni. Anaulamba, anaupeleka. Alikuwa hanioni. Nilisimama pale mlangoni. Mwisho akaichomeka sindano kwenye kitambaa bila uzi, akakunja, akasema peke yake, "Kesho, inshaallah."

Nikajiuliza, haya, uliangalia nini? Na hapo ndipo aibu iliponishika sawasawa, maana sikuangalia hata kimoja mpaka mwisho. Ningekuwa nimemwacha mama yangu gizani kwa ajili ya tamthilia nzuri, ningesema potelea mbali, nimefaidi. Nilimwacha kwa ajili ya kuchagua.

Na hazikuwa siku moja wala mbili. Ua hilo analolikimbiza sasa hivi ni nakuja zetu zote.

Sasa unakwenda. Majirani wananitisha kwa mengi, wanawake, wahuni, magari. Hayo siyaogopi sana, una akili. Naogopa saa za jioni. Chumba chako, mlango umeufunga, umetoka darasani umechoka, simu mkononi, na vyote hivyo vinakungoja uchague. Hapa hata ukijifungia tunakugongea, tunakugombeza, tunakuomba usogee. Huko uendako hakuna Bibi wa kukuuliza umepoteza nini humo. Naogopa utakaa miaka yako ya chuo unachagua, na mie nitakaa hapa nadhani una raha kwa sababu nakuona uko hewani.

Sikwambii uitupe simu. Nitakupata kwa nini sasa? Wala sikwambii usiangalie filamu, ningekuwa muongo. Dawa sina. Mie mwenyewe ya kwangu iko ndani ya chungu na masikio yangu yako jikoni. Nitakwambia tu nililojaribu wiki hii na baba yako, wewe ulikuwa umelala. Tulishika filamu moja kwa kufumba macho, tukaapa hatuitoi. Ilikuwa mbovu, Faki, mbovu sijapata kuona. Askari anakimbizwa, kofia inaanguka, akitokea upande wa pili anayo kichwani. Nikamwambia baba yako huyu ni Usinichokoze. Akacheka mpaka machozi, akanisimulia mambo ya ujana wake ambayo kwa miaka yote hii hakunisimulia. Tuliiangalia mpaka majina yakapita. Nililala vizuri. Kesho yake nikarudia ujinga wangu, lakini ile siku moja niliipata, siwezi kunyang'anywa.

Baba yako sasa hivi yuko kitini, kasinzia, rimoti kifuani, chaneli inazungumza peke yake. Alisema atakaa macho aongee na wewe. Usimkasirikie. Na yeye hajui aanzie wapi.

Nilitaka kukwambia na jengine, kuhusu

Bibi kaita. "Nitungieni uzi!"

Nimeisikia na kalamu iko mkononi, na unajua neno lililonijia? Nakuja. Lilishafika kwenye meno. Nilitaka nimalize sentensi. Na kabla sijalitoa nimekusikia wewe huko ukumbini.

"Naam, Bibi."

Ile ile. Nene. Nikakusikia unainuka, unajigonga kwenye meza, unakwenda. Mie nimekaa hapa sipumui, nakuandikia unachokifanya mwenyewe, kama mwehu.

"Nani huyo?" kauliza.

"Mie, Faki."

"Usinichokoze! Hujalala?"

"Sijalala. Lete hiyo sindano."

"Washa taa uone."

"Wewe ndie mwenye taa, Bibi. Nigeuzie kichwa."

Anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu, sijui tangu lini. Umeshamtungia, nasikia kiti, umekaa. Hukuondoka. Nilidhani utampa sindano utoke, na hukutoka. Anakupima ule ukanda kichwani, nadhani, maana anasema, "Kichwa hiki kimekuwa kikubwa lini?"

"Kiko hivi siku zote, Bibi."

"Basi hukuwa ukikileta karibu."

Nasikia umesogeza kiti karibu.

Anakwambia sasa habari ya Usinichokoze, anaanzia pale pa maandazi kwenye kikapu. Kumbe nimekuandikia bure, anajua kuisimulia kuliko mie. Uzi umeisha tena, na ingawa umekaa mbele yake kaita nyumba nzima kwa mazoea, nitungieni uzi, nawe umeitika naam palepale ulipo, na mkacheka nyote wawili. Sijui kama ua litakwisha kabla ya gari. Nusu yake bado. Lisipokwisha utavaa hivyohivyo, na ukija likizo atakuwepo alimalize, na asipokuwepo nitalimaliza mie, vibaya, utavumilia. Ninachokuomba ni kidogo. Huko ukiitwa na mtu, mwalimu, mwenzako, jirani mgonjwa, mie kwa simu, itika kama ulivyoitika sasa hivi. Kisha miguu ifuate.

Barua hii naitia ndani ya kofia, iwe imekwisha au haikwisha. Nilikuwa na mengine ya kuandika, lakini nasikia Bibi yako anakuuliza mama yako yuko wapi, mwite, naye ana macho. Na wewe umeita. Nimekuitika labeka, kwa sauti, mpaka baba yako kazinduka na rimoti imeanguka. Umeisikia, umecheka.

Nakuja.

Mama yako